Kinjeketile hakuujua mwisho

Kinjeketile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mapema Agosti 1905. Vita vya Maji Maji, ambavyo leo tunavitaja pamoja na jina lake, vilikuwa na umri wa siku tu. Pamba ilikuwa imeng'olewa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, mwishoni mwa Julai. Boma la Mahenge lilikuwa halijashambuliwa, Wangoni walikuwa hawajaingia, na njaa iliyokuja kuua watu wengi kuliko risasi ilikuwa haijabisha hodi. Mtu aliyegawa maji ya kuzuia risasi alikufa bila kujua kama maji yangefanya kazi.

Miaka 64 baadaye, mwaka 1969, kijana mmoja pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akampandisha jukwaani na kumpa kitu ambacho Wajerumani hawakumpa: siku za ziada. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile hanyongwi vita vikianza. Anabaki hai mpaka wapiganaji wake wanashindwa, anakamatwa, na kifungoni anatakiwa atamke kwa mdomo wake mwenyewe kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Sisi tuliosoma kitabu hiki kwa ajili ya mtihani tulifundishwa kueleza kwa nini anakataa. Kwa nini yuko hai hata akaulizwa, hilo hatukufundishwa. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia, kwa hiyo hakuna haja ya kumkamata kwa kosa la tarehe. Alijua anachofanya. Alihamisha kifo cha mtu kutoka mwanzo wa vita hadi mwisho kwa sababu yeye aliujua mwisho, na watazamaji wake waliujua, na ni vigumu sana kumtazama mtu asiyeujua bila ama kumdharau kidogo ama kumhurumia kupita kiasi.

Tatizo hilo, la kujua mwisho, ndilo ninaloliona kila nikifikiria muda unaopita kati ya kuona jambo na kulitungia kazi. Kwa kawaida muda huo tunausifu. Acha jambo litulie, ngoja hasira ipoe, ndipo ushike kalamu. Mshairi wa Uingereza, William Wordsworth, aliandika mwaka 1800 kwamba chimbuko la ushairi ni hisia zinazokumbukwa katika utulivu, na tangu hapo kauli hiyo imefanywa kanuni, kana kwamba kila kazi iliyotoka mapema ni mbichi na kila iliyochelewa imeiva. Mimi siamini. Ng'onda si samaki aliyechelewa sokoni. Ni kitoweo kingine, kina ladha yake na mapishi yake. Muda hauongezi ubora. Unachukua kitu kimoja na kuacha kingine: unachukua hali ya kutojua mwisho, unaacha nafasi ya kubuni umbo. Aliyetunga siku zile zile anacho cha kwanza na aghalabu hana cha pili. Aliyetunga baadaye anacho cha pili, na cha kwanza itabidi akiunde mwenyewe, maana hakirudi chenyewe.

Tumtazame kwanza aliyekuwa karibu.

Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake katika miji ya Mrima, na kuanzia Pangani pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani mpaka akakamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani alishikilia hadi mwaka uliofuata. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, aliishi katikati ya mambo hayo, na hazikupita zama ndefu akayatungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mwaka umebebwa na jina lenyewe: 1307 Hijria, ulioanza Agosti 1889.

Ukiusoma mbio utaona mfululizo wa miji, majina ya watu, nani alikuja, nani alijibu nini. Ukiusoma taratibu utaona kwamba mshairi anayapokea mambo jinsi yanavyoingia, bila kuyapanga kwa kufuata umuhimu wake. Angewezaje kuyapanga? Hajui kwamba utawala wa Wadachi hautafika miaka 30. Hajui kwamba kusini kuna Maji Maji inakuja, kwamba kutakuwa na vita kuu ya dunia, kwamba baada ya Mdachi atakuja Mwingereza, na baada ya Mwingereza, Uhuru. Mwanahistoria wa leo akisema "upinzani wa mwanzo dhidi ya ukoloni" tayari ameshaweka kila kitu mahali pake: kama kuna mwanzo, basi kuna kati na kuna mwisho. Kwa Hemedi hapakuwa na mwanzo wa chochote. Kulikuwa na mji wa jirani uliopigwa, na uchungu ambao haujapata pa kukaa. Hakuna aliyezaliwa baadaye atakayeandika uchungu ule, hata awe na kipaji gani, kwa sababu wetu sisi umeshapata pa kukaa, tena una sura yake katika kitabu cha historia cha sekondari.

Na umbo je? Umbo alilikuta. Vipande vinne, mizani minane minane, vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Umbo hilo lilikuwa limezoea vita, lakini vita vya mbali mno. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake inatajwa kuwa ya Pate ya mwaka 1728, unasimulia vita vya Tabuk vya zama za Mtume, karne kumi na moja nyuma ya mtunzi wake. Hemedi mwenyewe ndiye mtunzi wa Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, kisa cha zama hizo hizo. Kwa hiyo mkono uliozoea kusimulia mapanga ya Uarabuni ndio ulioandika mizinga ya Wadachi. Chombo kilichochongwa ili kivuke miaka elfu na mia kikabebeshwa habari za juzi.

Sidhani ni ajali. Mwenye haraka hana muda wa kuchonga chombo; anachukua kilicho karibu, na kama jamii yake ina chombo kizuri, kazi yake inasimama. Ndiyo maana Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, alipoitungia Maji Maji, naye alikwenda moja kwa moja kwenye utenzi. Vita ni vingine, adui ni yule yule, bahari ni ile ile.

Ukivuka mipaka ya Kiswahili mambo hayabadiliki sana. Mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937. Mchoraji Picasso alikuwa Paris; alichokiona ni habari na picha za magazetini. Tarehe 1 Mei alianza michoro ya kwanza, na mapema Juni turubai lenye upana wa karibu mita nane lilikuwa limekamilika. Wiki tano. Watu husimulia jambo hili kama muujiza wa hasira, lakini tazama mchoro wake wa mwaka 1935 uitwao Minotauromachie: kuna kiumbe nusu mtu nusu fahali, kuna farasi aliyejeruhiwa, kuna binti aliyenyanyua mshumaa. Fahali, farasi na mkono ulioshika taa vilikuwa mkononi mwake miaka miwili kabla ya ndege kuruka. Mabomu hayakumletea taswira. Yalimletea sababu ya kuzitumia alizokuwa nazo.

Kutojua mwisho, lakini, kuna sifa moja ya ajabu: mwenyewe mwenye kutojua haioni. Inaonekana tu kwa wanaokuja baadaye. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa mshairi wa papo kwa papo. Mombasa ya Wamazrui ilipokuwa ikivutana na Lamu, na Pate, na Sultani Seyyid Said, Muyaka alikuwa barazani akijibu, akitamba, akikejeli, akiutukuza mji wake. Tungo zake nyingi zingepotea kama Mwalimu Sikujua asingezikusanya kutoka vinywani mwa watu na kuzifikisha kwa mmisionari William Taylor. Diwani ilikuja kuchapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Leo ukisoma majigambo yake huwezi kusahau kwamba mwaka 1837 Seyyid Said aliichukua Mombasa na utawala wa Mazrui ukaisha. Kila tambo la kabla ya mwaka huo lina kivuli ambacho Muyaka hakukiweka. Sisi tumekiweka, kwa kuja kwetu baadaye. Waliomsikia barazani walicheka tu, na naamini walicheka vizuri kuliko sisi.

Mbele kidogo kwenye mwambao huo huo alikuwako mtu aliyesimama upande wa pili kabisa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliitazama Pate ilipokuwa imeshaanguka. Kila kitu kimekwisha. Hana habari mpya ya kumpa mtu. Anapita ndani ya majumba: madaka ya ukutani yaliyopangwa visahani vya kaure sasa wamelala makinda ya ndege, bundi anakoroma ndani. Ni mtu anayejua mwisho wote, na mwenye kujua yote huwa hatari kwa sanaa, maana hugeuka mhubiri. Kinachoiokoa Al-Inkishafi ni kwamba mshairi hasemi nasi. Anasema na moyo wake. Moyo wangu, mbona huzinduki? Mbona bado umeshikamana na dunia? Ujuzi ameuweka upande mmoja na kutojua upande wa pili, na vyote viwili viko ndani ya kifua kimoja. Yeye anaijua Pate ilikoishia, moyo wake unajifanya haujui. Mabishano hayo ndiyo yanayoufanya utenzi wa mtu aliyechelewa uwe na joto la jambo linaloendelea.

Goya, mchoraji wa Hispania, alifanya ujanja wa jamii hiyo kwa rangi. Wanajeshi wa Napoleon waliwaua wananchi wa Madrid kwa risasi tarehe 3 Mei 1808. Yeye aliichora picha mwaka 1814, vita vimekwisha, mfalme anarudi. Miaka sita. Angeweza kuchora maiti tu, na maiti wapo, chini, damu imeshamwagika. Lakini macho yote yanakwenda kwa mwanamume mwenye shati jeupe, amenyanyua mikono, taa ya chini inammulika, bunduki zimeelekezwa kwake na bado hazijalia. Goya alikuwa na miaka sita ya kujua kwamba zililia.

Nirudi kwa Hussein, maana kwake ndiko kazi hii ilikofanywa kwa ufundi uliojificha zaidi.

Mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya tamthilia, G.C.K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za Maji Maji, na katika miaka hiyo watu wa Chuo Kikuu walikuwa wakizungukia vijiji vya kusini kuwahoji wazee. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1905 alikuwa na zaidi ya sabini. Muda ulikuwa umebaki kidogo tu wa kusikia kutoka kwa aliyeona. Tanzania nayo ilikuwa na haja zake: Uhuru ulikuwa na miaka minane, Azimio la Arusha miaka miwili, na taifa changa lilitaka babu wa kuanzia. Maji Maji ilifaa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu iliunganisha makabila. Ingekuwa rahisi mno kuandika tamthilia ambayo Kinjeketile ni TANU iliyozaliwa mapema.

Hussein anakaribia kufanya hivyo, halafu anakwepa. Kinjeketile anavutwa na mzimu Hongo, anaingia majini, anatoka nguo zake zikiwa kavu, na maneno anayotoka nayo ni ya umoja: Mmatumbi, Mrufiji, wote ni wamoja. Hapo watazamaji wa 1969 wamepata wanachokitaka. Lakini katika ujumbe huo huo mna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Fikiria neno hilo likitamkwa mbele ya Watanzania miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyomwondoa sultani wa nasaba hiyo hiyo. Ukombozi gani huu unaokutoa kwa Mjerumani na kukukabidhi kwa Sultani? Na Kinjeketile mwenyewe, akili ikimrudia, analisikia neno lake na kushtuka. Ni nani aliyesema kwa kinywa changu? Kuanzia hapo mtume ana shaka na ujumbe wake mwenyewe, ilhali watu hawana. Anawataka wangoje, hawangoji.

Shaka hiyo ndiyo kitu ambacho miaka 64 ilikinunua. Mwaka 1905 haingeandikika. Kwa aliyeamini, maji yalikuwa dawa. Kwa aliyepoteza mwana, yalikuwa uongo, na katikati hapakuwa na mahali pa mtu kusimama na kuuliza maji yalikuwa nini hasa. Hussein alikuwa mbali kiasi cha kuweza kusimama pale. Tena alikuwa na nafasi ya kuchagua umbo: hakwenda kwenye utenzi, ambao msimulizi wake huwa anajua na huwa na hakika. Alikwenda kwenye jukwaa, ambako hakuna msimulizi wa kutuhakikishia lolote na kila mtu anasema ya kwake.

Kisha mwishoni anafanya hesabu ya pili, na hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Amempa Kinjeketile habari ya kushindwa, habari ambayo yule wa Mohoro hakuipata. Lakini amemnyima Uhuru. Kinjeketile wa jukwaani anajua kwamba maji hayakuzuia risasi. Hajui kama neno aliloliacha litaota popote. Akikiri kwamba ni uongo, Wajerumani watalichukua ungamo lake na kulitumia dhidi ya wajukuu. Anakataa akiwabashiria wajukuu asiowaona, na wajukuu ndio waliokaa mbele yake kwenye viti, mwaka 1969, wana bendera na wimbo wa taifa. Hussein alitunza kipande cha kutojua na kukirudisha kwa mtu wake. Kipande kidogo kuliko cha Hemedi, nacho kimeundwa, lakini kinafanya kazi ile ile.

Mwaka 2020 zama hizo za Mjerumani zikarudi tena, safari hii kwa Kiingereza, katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah. Zaidi ya karne imepita, na tazama nani amekuwa mhusika. Kwa Hemedi walikuwa mabwana wa miji na wapiganaji wao. Kwa Hussein alikuwa mtume mwenye shaka. Kwa Gurnah ni Hamza, kijana aliyejiunga kwa hiari yake na askari wa Mjerumani, na anayerudi mjini amejeruhiwa, anatafuta kazi na mahali pa kulala. Kadiri tunavyosogea mbali ndivyo tunavyowafikia wale ambao kwa karibu wasingetazamika. Hakuna ambaye angemtungia askari utenzi wa huruma mwaka 1307 Hijria, na asingestahili kulaumiwa.

Hapa lazima niweke breki, kwa sababu hoja hii ikiachwa iende yenyewe itafanya kila ucheleweshaji uonekane tafakuri. Muda mwingine mdomo ulifungwa tu. Michoro ya Goya ya mabalaa ya vita ilichapishwa mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, miaka 14 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, na ni riwaya yenye hakika: bwana anajulikana, mtwana anajulikana, na Kijakazi, hata kama anachelewa kuzinduka, njia anayokwenda ni moja. Riwaya yake nyingine, Haini, ilitoka mwaka 2003. Nyuma yake kuna kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972 na kamatakamata iliyofuata, ambayo Shafi mwenyewe ilimkumba. Miaka 31. Katika Haini hakika imekwisha. Kuna selo, kuna mateso, kuna mtu asiyejua atatoka lini wala ametajwa na nani. Ukiziweka riwaya hizi mbili pamoja unaweza kusema mwandishi amekomaa, na ni kweli. Lakini Haini isingechapishika mwaka 1979, na kukomaa hakuhusiani hata kidogo na hilo.

Abdilatif Abdalla yeye hakungoja. Alifungwa Kenya miaka mitatu, hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi chake Kenya: Twendapi?, na tungo za Sauti ya Dhiki alizitunga mle mle kifungoni, akiziandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka mwaka 1973. Msomaji alizipata mshairi akiwa nje, salama, na mwaka uliofuata akapewa tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Lakini beti zenyewe hazijui lolote kuhusu tuzo. Zimeandikwa na mtu anayesema haachi, siku ambayo kutoacha kulikuwa na gharama isiyojulikana itafika wapi. Kazi ilichelewa kufika, macho hayakuchelewa. Ni mambo mawili tofauti, na wahakiki wetu huyachanganya mara nyingi mno.

Sasa tumefika zama ambazo macho na mkono vimebanana kabisa. Kiongozi akifariki asubuhi, nyimbo za maombolezo zinasikika kabla hajazikwa. Wazee wananung'unika kwamba sanaa imeharibiwa na haraka. Mimi nadhani wanalaumu kitu kisicho na kosa. Haraka ilikuwapo kwa Muyaka. Maombolezo yana umbo la kale, na mwimbaji anayelijua anaweza kutoa kitu cha maana kwa usiku mmoja, kama Hemedi alivyoweza. Kinachonichosha kwenye kazi nyingi za papo kwa papo za leo ni kwamba zinajua mwisho tayari. Tukio lina saa nne, na wimbo umeshatoa hukumu: shujaa huyu, msaliti yule, funzo hili hapa. Ni haraka iliyojinyima faida pekee ya haraka. Hasara za kuwahi imezibeba zote, na za kuchelewa pia.

Kenya, Juni 2024, ilitoa mfano wa kinyume chake. Vijana waliojaa mitaani kupinga Muswada wa Fedha waliimba Anguka Nayo ya kundi la Wadagliz, wimbo wa kucheza uliokuwa umeshatoka kabla ya maandamano, usio na neno la kodi wala bunge. Chombo kilikuwa ukutani, wakakichukua. Hakuna aliyeutunga kwa ajili ya siku ile, na labda ndiyo sababu uliibeba siku ile vizuri kuliko nyimbo zilizotungwa baadaye mahususi kwa kazi hiyo: haukuwa na maoni yoyote juu ya jinsi mambo yatakavyoisha.

Mwandishi atakayeitungia Juni ile kazi kubwa, mwaka 2060 au 2080, atakuwa na shida ambayo watu wa Mlimani wa 1968 hawakuijua. Wao walikimbizana na vifo vya wazee. Yeye atakuwa na maelfu ya video zenye saa na dakika, kutoka kila pembe ya barabara. Kumbukumbu haitampungukia, itamziba njia. Ila kuna kitu kimoja ambacho video hazikukishika. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, wenzao wakapigwa risasi. Tarehe 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Kati ya siku hizo mbili kuna usiku mmoja, na usiku huo maelfu ya vijana walilala, au hawakulala, bila kujua. Kesho yake mchana tayari ilikuwa haiwezekani tena kuwaza vile. Kama kuna aliyeandika chochote usiku ule, hata beti tatu kwenye simu, zenye vina vibovu, naomba asizirekebishe.